Dawa za petroli kwa magari ya kale: ipi inunuliwe, ipi ibaki dukani

Dukani zote hupangwa rafu moja, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Kuna chupa inayochukua nafasi ya risasi, madini yaliyokuwa yakitiwa kwenye petroli zamani, nyingine ya kupandisha oktani, nyingine ya kusafisha na nyingine ya kuhifadhi petroli ya gari lililoegeshwa. Lebo zote zinaahidi nguvu zaidi na injini laini, ilhali ndani ni kemikali tofauti zenye kazi tofauti. Mwenye gari la kale akikosea chupa, hasara yake haiishii kwenye bei. Mara nyingi ugonjwa wenyewe huendelea chini chini huku akiamini gari limeshatibiwa.

Tuanze na dawa ya risasi, kwa kuwa ndiyo pekee inayoweza kuamua kama hedi yako (kifuniko cha juu ya silinda kinachobeba valvu) itakaa miaka kumi au itaharibika katika safari chache ndefu.

Injini nyingi za kabla ya miaka ya 1980 zilitengenezwa kwa petroli yenye risasi. Thomas Midgley wa General Motors aligundua mwaka 1921 kwamba kiasi kidogo cha risasi huzuia injini kugonga, yaani petroli kulipuka kabla ya wakati. Baadaye ikaonekana faida ya pili ambayo haikutafutwa: masalia ya risasi yaliacha utando mwembamba kwenye siti za valvu, yaani vikalio ambavyo valvu hufunga juu yake. Uingereza iliacha kuuza petroli hiyo kwa magari ya kawaida mwanzoni mwa 2000, nchi za Afrika kusini mwa Sahara zikaiacha mwishoni mwa 2005, na Algeria ikawa ya mwisho duniani, mwaka 2021. Ilikuwa sumu kwa watoto na kwa mafundi wenyewe, kwa hiyo hakuna wa kuisikitikia. Lakini utando ule uliondoka nayo, na zipo injini zilizokuwa zikiutegemea.

Valvu ya eksosi ikiwa imeiva kwa joto na kuikalia siti ya chuma laini, chembe ndogo za chuma hushikana kwa kitambo kama zimechomelewa. Valvu inapofunguka, zinanyofoka. Vinyofoo hivyo hushikamana na uso wa valvu na kuugeuza msasa. Siti inalika, valvu inazama ndani ya hedi, na nafasi ya tapeti (upenyo mdogo kati ya roka, mkono unaosukuma valvu, na shina la valvu) inapungua kidogo kidogo hadi valvu haifungi tena sawasawa. Ikifika hapo moto hupenya pembeni, kompresheni (mgandamizo) ya silinda ile inashuka, na ukingo wa valvu unaungua.

Ugonjwa huu una sharti lake: mwendo mkali wa muda mrefu. Morris Minor ya kwenda sokoni na kanisani inaweza kukaa miaka bila kuugua. Gari hilo hilo likisukumwa kilomita 100 kwa saa kutoka Nairobi hadi Voi, au likipandishwa Mlima Kitonga na mizigo huku kanyagio liko sakafuni, siti zinaweza kuanza kulika.

Kabla hujanunua chupa, chukua sumaku ya kawaida ukaibandike ubavuni mwa hedi, mahali pasipo na rangi nene. Isiposhika, hedi ni ya aluminiamu. Aluminiamu haiwezi kuwa siti ya valvu, kwa hiyo kiwandani walipachika pete za chuma kigumu zaidi. Volkswagen Beetle, Peugeot 504 na Datsun 1200 zote ziko kundi hili, na kwa matumizi ya kawaida hazihitaji dawa ya risasi. Mwenye Beetle anayemimina chupa hizo kila akijaza tangi anatibu maradhi ambayo gari lake halina.

Sumaku ikishika, hedi ni ya chuma, lakini hujamaliza uchunguzi. Injini za kampuni ya Uingereza ya BMC, zile za Mini, Morris Minor, MG Midget na MGB, zilichongewa siti moja kwa moja kwenye chuma cha hedi, na hizo ndizo zenye hatari. Ila nyingi zimeshapita mikononi mwa mafundi, na huenda mmiliki wa zamani aliweka siti ngumu bila kuacha karatasi yoyote. Hedi ikifunguliwa, safisha masizi kuzunguka valvu ya eksosi kwa brashi laini uangalie kwenye mwanga wa pembeni. Siti iliyopachikwa huonyesha mstari mwembamba wa duara pale pete inapokutana na chuma cha hedi, na mara nyingi rangi ya pete hutofautiana kidogo na ya hedi. Siti ya asili haina mstari. Ukiuona mstari kwenye valvu zote nne za eksosi, achana na dawa ya risasi kabisa.

Kama hedi haijafunguliwa na huna sababu ya kuifungua, tapeti zitakwambia. Injini za BMC za silinda nne zina valvu nane, na kutoka mbele kwenda nyuma za eksosi ni ya 1, 4, 5 na 8. Pima injini ikiwa baridi. Kanuni ya tisa inarahisisha kazi: valvu namba 1 ikiwa imefunguka mpaka mwisho, pima namba 8, ya 3 ikiwa wazi, pima ya 6, jumla iwe tisa kila mara. Mini na Minor hukaa milimita 0.30, MGB 0.38. Andika vipimo vyote vinane kwenye daftari, pamoja na usomaji wa kilomita. Rudia baada ya kilomita 1,500.

Kusoma namba hizo kuna jambo ambalo wengi hulipita. Uchakavu wa kawaida wa roka na shafti yake huongeza nafasi ya tapeti, na ndiyo maana injini chakavu hupiga kelele za tik-tik. Siti inayolika hufanya kinyume chake, inapunguza nafasi. Kwa hiyo ukikuta namba 1, 4, 5 na 8 zimetoka 0.30 zikafika 0.20 huku 2, 3, 6 na 7 zimebaki palepale, huna haja ya kubishana na mtu. Siti za eksosi zinalika. Injini ya namna hii huweza kuwa kimya na tamu sikioni, na ukimya huo humdanganya mwenye gari.

Sasa chupa zenyewe. Shirikisho la vilabu vya magari ya kihistoria la Uingereza, FBHVC, lilipima dawa hizi katika MIRA, kituo cha utafiti wa magari, kwa kutumia injini ya BMC yenye siti laini, na chache tu ndizo zilizopata kibali chake. Tofauti kati ya zilizopita iko kwenye kiini kinachofanya kazi ya risasi. Castrol Valvemaster hutumia fosforasi. Millers VSP, jamii ambayo leo inauzwa kama VSPe Power Plus, hutumia manganizi. Zipo pia za sodiamu na za potasiamu.

Kwa mtumiaji wa kawaida wa Mini au Minor, Valvemaster ndiyo tungeiweka juu, kwa sababu moja ya kivitendo: hesabu yake ni rahisi. Chupa ya mililita 250 inatosha lita 250 za petroli, yaani mililita moja kwa kila lita. Ukiweka lita 20, unapima mililita 20. Bomba la sindano la mililita 20 kutoka duka la dawa, bila sindano yenyewe, linapima vizuri kuliko macho. Mimina dawa kwanza, petroli ifuate juu yake ili mmiminiko uchanganye. Kosa la kawaida ni kutia dozi ya tangi zima kisha kuweka petroli ya lita kumi kwa kuwa pesa imeisha. Safari ile unaendesha kwa mchanganyiko mzito kupita kiasi, na ukijaza tena bila dawa, unaendesha na mchanganyiko mwepesi. Wala kuzidisha dozi hakukupi ulinzi maradufu. Kunaongeza masalia kwenye chemba na plagi.

VSPe Power Plus tungeichagua kwa MGB na magari ya kompresheni ya juu kidogo, maana manganizi hupandisha oktani pia, hivyo chupa moja inashika kazi mbili. Ubaya wake ni kwamba masalia ya manganizi huacha rangi ya kahawia yenye wekundu kwenye pua ya plagi, na fundi aliyezoea kusoma mchanganyiko kwa rangi ya plagi anaweza kupotea, akadhani kabureta inatoa petroli kidogo. Mwambie mapema. Kipimo chake kwa lita pia si kile cha Valvemaster, kwa hiyo usihamishe mazoea ya chupa moja kwenda nyingine. Soma lebo upya.

Ukishachagua, usichanganye jamii. Fosforasi na manganizi ndani ya tangi moja ni mchanganyiko ambao watengenezaji hawakuupima, na FBHVC yenyewe imeonya dhidi yake. Ukitaka kubadili, endesha mpaka tangi likaribie kukauka ndipo ujaze na dawa mpya. Na usithubutu kuimimina yoyote kati ya hizi kwenye gari lenye kichujio cha kemikali kwenye eksosi, yaani kataliti. Huzibika na kufa.

Kuna watu wanaotia mafuta ya injini za mipigo miwili ndani ya petroli wakiamini yanalainisha valvu. Yanaweza kulainisha shina la valvu na sehemu ya juu ya silinda. Siti ya eksosi iko kwenye joto ambalo mafuta hayo hayawezi kubaki kama utando, na zaidi ya hapo yanashusha oktani na kuchafua plagi. Vidonge vya madini vya kutumbukiza tangini na sumaku za kufunga kwenye mpira wa petroli hatuvipendekezi kwa kazi hii.

Oktani ni habari nyingine, na hapa pesa nyingi huungua bure. Oktani ni uwezo wa petroli kuvumilia mgandamizo bila kulipuka kabla ya wakati. Haiongezi nguvu kwenye injini isiyogonga. Beetle ya 1600 ina kompresheni ya 7.5 kwa 1 na ilikusudiwa kunywa oktani 91, kwa hiyo kuitilia chupa ya kupandisha oktani hakuongezi hata farasi mmoja. MGB ya kompresheni ya juu, karibu 9 kwa 1, ilikusudiwa petroli ya Uingereza ya nyota nne yenye oktani 97. Mini Cooper S ya 1275 iko juu zaidi, karibu 9.75 kwa 1. Hizo zina haki ya kulalamika.

Soma neno "pointi" kwenye lebo kwa uangalifu. Katika biashara hii pointi moja ni sehemu ya kumi ya oktani. Chupa inayojisifu kwa pointi 30 inatoka 93 kwenda 96 kwa juu kabisa, wala haiendi 123. Pampu ikiwa na petroli ya 95, chupa ya pointi 20 inakufikisha 97. Piga hesabu: mara nyingi tofauti ya bei kati ya petroli ya kawaida na ile ya oktani ya juu ya kituo hicho hicho ni ndogo kuliko bei ya chupa, na petroli hiyo imechanganywa kiwandani, huhitaji kupima kitu.

Kabla ya yote, jaribu taimingi, yaani wakati plagi inapotoa cheche. Tafuta mwinuko, weka gia ya nne ukiwa kilomita 40 kwa saa, kanyaga mpaka chini. Ukisikia mlio kama kokoto ndani ya kopo la chuma, injini inagonga. Legeza distribyuta, rudisha taimingi digrii mbili ili cheche ichelewe, kaza, rudia mwinuko uleule. Mlio ukikoma, umetibu bila senti. Ukibaki hata baada ya digrii nne, oktani ndiyo inayopungua, au petroli imechanganywa na mafuta ya taa. Mafuta ya taa yana oktani duni sana, na hata kiasi kidogo huiangusha petroli nzuri. Petroli ya namna hiyo mimina nje ukanunue kituo kingine. Hakuna chupa itakayoinyanyua.

Mwinuko wa nchi nao una neno. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, silinda haijai kama pwani, na injini inavumilia oktani ya chini. Gari lile lile likishuka Mombasa linaanza kugonga, mwenyewe analaumu petroli ya pwani. Ukiishi bara na kushuka pwani mara moja kwa mwaka, kurudisha taimingi digrii mbili au tatu kabla ya safari kunatosha. Lakini angalia kabureta kwanza. Kama fundi wa Nairobi aliweka jeti (tundu la kupitisha petroli ndani ya kabureta) ndogo kuzuia petroli nyingi kule juu, pwani mchanganyiko unakuwa mkavu, yaani hewa nyingi na petroli kidogo, valvu za eksosi zinapata joto kali, na hapo unarudi kwenye ugonjwa wa siti tulioanza nao. Chupa ya oktani itanyamazisha mlio tu, valvu ikiendelea kuungua.

Za kusafisha tuziseme kwa ufupi. Kiini bora ni poliitheramini, ile iliyomo ndani ya Techron Concentrate Plus. Chupa ya mililita 355 ni kwa tangi lisilozidi lita 45. Kwa Peugeot 504 ya injekta ina thamani halisi. Kwa kabureta iliyokaa miaka mitano na petroli iliyogeuka gundi, haifiki popote: jeti iliyozibwa haipitishi dawa, kwa hiyo fungua kabureta uisafishe mezani. Jambo la kuogopa ni tangi la zamani. Dawa kali hubandua utando na kutu vilivyotulia chini kwa miongo, na vyote vinakuja mbele. Weka kichujio kipya cha kuonekana ndani kabla ya kutia dawa, beba kingine cha akiba, na ukikiona kimekuwa cha rangi ya chai, badilisha hapo hapo barabarani. Itie tangi la mwisho kabla ya kumwaga oili, maana sehemu yake hupita ringi na kuingia sampu, bakuli la oili chini ya injini.

Ya kuhifadhi petroli ndiyo inayodharauliwa kuliko zote, ilhali kwa magari ya maonyesho yanayoegeshwa miezi mingi ndiyo yenye manufaa ya wazi. Tangi la zamani linapumua moja kwa moja hewani, na kwenye joto la pwani sehemu nyepesi za petroli, zile zinazosaidia injini kuwaka ikiwa baridi, huondoka ndani ya wiki chache. STA-BIL hupimwa mililita 30 kwa lita 9.5 hivi, yaani kama mililita 140 kwa tangi la lita 45. Itiwe kwenye petroli mpya. Petroli iliyokwisha kuoza haifufuki. Jaza tangi karibu lijae ili hewa na unyevu vipungue, kisha washa injini dakika kumi ili petroli yenye dawa ifike kwenye bakuli la kabureta. Hatua hii ya mwisho huachwa na wengi, na ndiyo maana tangi linakutwa zima huku kabureta imeganda.

Wasomaji walio Uingereza wana mzigo wa ziada. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida huko ni E10, yenye ethanoli hadi asilimia 10. Ethanoli hunyonya maji, hula zinki na shaba, na huvimbisha mipira ya zamani. VSPe Power Plus ina kinga ya kutu dhidi yake. Lakini dawa hiyo hailindi mipira: badilisha yote kwa ile iliyoandikwa SAE J30 R9. E10 pia hukausha mchanganyiko kwa asilimia tatu au nne, kwa hiyo kabureta ya aina ya SU huhitaji nati ya jeti kuteremshwa pembe moja hivi, halafu usome plagi tena. Mahali ambapo petroli ya oktani ya juu ya E5 (ethanoli hadi asilimia 5) inapatikana, nunua hiyo.

Kama daftari lako la tapeti linaendelea kuonyesha namba za eksosi zikishuka hata baada ya kilomita 3,000 za kipimo sahihi cha dawa, acha kununua chupa. Peleka hedi kwa mchongaji, aweke siti ngumu kwenye valvu nne za eksosi na valvu mpya zinazolingana nazo. Siti za kuingiza ziache kama ni nzima, kwa sababu hupozwa na petroli inayoingia na hazina ugonjwa huu. Mwambie apime unene wa chuma kabla ya kuchimba: hedi za A-series, injini ndogo za BMC za Mini na Minor, zina njia za maji karibu na siti, na mchongaji akizama milimita moja zaidi maji yatatokea ndani ya chemba.